Nyamvula, Nyamvua, Nyambura: Jina la Mvua katika Vinywa vya Pwani ya Kusini

Majina ya watu yamepewa nafasi finyu katika uchunguzi wa Kiswahili na wa lugha zinazokizunguka. Neno la kawaida likitamkwa kwa namna mbili, mwanaisimu huziandika zote mbili, hutaja mahali pa kila moja, na kazi yake huwa imekwisha. Jina la mtu halikubali kufanyiwa hivyo. Lina mwenyewe, naye yu hai, na akiitwa huitika au hukataa kuitika. Makala haya yanakusudia kulichunguza jina moja la kike, Nyamvula, ambalo husikika Kwale, kuanzia bara ya Waduruma upande wa Kinango hadi pwani ya Wadigo, Ukunda, Diani na Msambweni. Si jina la kila nyumba. Pwani yenyewe, ambako majina ya Kiislamu yametawala tangu zamani, wasichana waitwao hivyo ni wachache, na huenda uchache huo ndio unaowafanya wageni walitamke kila mtu kwa njia yake. Hakuna ashindwaye kumwita Fatuma.

Wenyewe hulitamka Nyamvula, kwa silabi tatu. Mwenye mazoea ya Kiswahili cha mjini huidondosha l na kusema Nyamvua. Asomaye herufi kutoka katika daftari, bila ya kuwahi kulisikia jina lenyewe, husema Nyamuvula. Aliyetoka nyanda za juu za katikati ya Kenya husema Nyambura. Kisha wako wasiolitamka kabisa bali hulibadili, wakasema Mwanamvua au, kwa kulifupisha, Mwamvua. Matamshi yote haya mtu aweza kuyasikia kwa msichana mmoja katika siku moja, kwa bibi yake, kwa mwalimu wake, kwa karani, kwa shangazi aliyeolewa mjini. Lililo gumu ni kueleza sababu ya kila moja, na kuamua kama zote zina haki sawa.

Kuna rai inayosikika mara kwa mara, hata kwa watu wa elimu, kwamba Nyamvula ni Kiswahili kilichoharibika. Mvua ndilo neno, husema, na watu wa bara wameliongeza l kwa uzito wa ndimi zao. Kwa hiyo kumwita msichana Nyamvua, au bora zaidi Mwanamvua, ni kumrudishia jina lake katika hali ya usafi. Rai hii yafaa tuipime kwa makini, kwa sababu wengi wanaoishika huishika kwa nia njema.

Tuanze na Kiswahili chenyewe. Twasema kuzaa, lakini mtoto huzaliwa. Twasema kuchukua, lakini mzigo huchukuliwa. Twasema kufungua, lakini mlango hufunguliwa. Hiyo l ya kauli ya kutendwa haikuzuka ghafula. Ilikuwamo katika shina tangu kale, ikadondoka ilipokuwa karibu na mwisho wa neno, ikasalia ilipokingwa na viambishi vilivyoifuata. Mvua nayo ni katika maneno yaliyopatwa na mkasa huo huo. Tukitoka nje ya pwani yetu twaona kwamba Wanyanja wa Malawi husema mvula, Wakongo husema mvula, Wazulu husema imvula, na wasemaji wa Kilingala husema mbula. Ushahidi wa kutoka Malawi, Kongo na Afrika ya Kusini hauwezi kuwa ulipangwa na mabibi wa Kinango. Ni dhahiri kwamba aliyebadili ni Mswahili, na kwamba Mdigo na Mduruma, kwa neno hili, wameishika sauti ambayo Mswahili ameiachia. Hapa hakuna sifa wala lawama. Mkamba naye ameiachia, husema mbua, na hakuna aliyewahi kudai kwamba Kikamba ndicho kipimo cha usafi.

Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao kikubwa cha mwaka 1993, wamekiweka Kiswahili pamoja na lugha za Mijikenda, Kipokomo, Kikomoro na Kielwana katika kundi moja, la Sabaki. Katika kundi hilo lugha hizi ni ndugu wa tumbo moja. Chidigo hakikuzaliwa na Kiswahili, wala Kiswahili hakikuzaliwa na Chidigo. Basi asemaye kwamba Nyamvula ni Mwanamvua aliyepotoka amemfanya ndugu kuwa mtoto, kisha akamlaumu kwa kutofanana na babaye. Hata ndani ya Kwale wasemaji wa Kiswahili hawasemi kwa kinywa kimoja: ukiivuka Msambweni kwenda kusini wakuta Kichifundi, na mbele yake Kivumba cha Wasini na Vanga, lahaja ambazo H. E. Lambert aliziandikia vitabu vidogo mwishoni mwa miaka ya hamsini, na ambazo katika mengi hazifuati Kiunguja. Hicho Kiswahili safi ambacho Nyamvula anatakiwa akirudie hakikuzaliwa pwani ile. Kilichaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, kikalelewa na kamati iliyoundwa mwaka 1930, ili watoto wa nchi mbalimbali wasome vitabu vya aina moja. Ilikuwa kazi ya manufaa, lakini haikuwa kazi ya kubatiza watu upya.

Jambo la pili ni ile m, na hapa mgeni hukosea kwa njia inayostahili kuangaliwa kwa karibu kuliko l. Katika maandishi ya Kiswahili herufi m hubeba mizigo miwili isiyofanana. Chukua neno mbuni. Likiwa na maana ya ndege yule mkubwa, m yake huungana na b, na neno lote lina silabi mbili, mbu-ni. Likiwa na maana ya mti wa kahawa, m yasimama peke yake, m-bu-ni, silabi tatu. Vivyo hivyo mtu mbaya na nyumba mbaya: sikio la mzawa huzitenga, jicho halizitengi. M ya kwanza asili yake ni mu, nayo ndiyo ile iliyo katika mtu, ambaye kwa Mdigo hata leo ni mutu. M ya pili ni king'ong'o cha ngeli ya nyumba, mbuzi na ndizi. Mvuvi ni wa kundi la kwanza; mvua ni ya kundi la pili, na ndiyo maana twasema mvua inanyesha.

Sasa msomaji ajaribu kulisoma jina Nyamvula kwa mara ya kwanza kutoka katika karatasi. Asiyelijua huifananisha m yake na ile ya mvuvi, akaipa silabi yake, Nya-m-vu-la, na akitaka kuonyesha kwamba ametamka vizuri huijaza irabu, Nyamuvula. Aonekana kuwa mwangalifu, kumbe ameifanya mvua kuwa mtu. Kosa hili ni la kisarufi zaidi kuliko la ulimi, na ndilo linalomchekesha bibi nyumbani kuliko mengine yote. Nimesikia pia watoto wakilichanganya na mwamvuli kwa utani. Lakini mwamvuli wenyewe, kwa umbo lake, waelekea kwenye kivuli kuliko kwenye mvua, ingawa kazi yake ni kwenye vyote viwili.

Kuhusu kiambishi cha mwanzo twaweza kupita upesi. Nya-, katika lugha nyingi za Kibantu, huhusishwa na mama au na mwenye kitu. Mwana-, katika Mwanamvua, Mwanaisha, Mwanajuma, Mwanakombo na Mwanahamisi, si mtoto peke yake. Ni neno la heshima kwa mwanamke mwungwana, kama tulionavyo katika jina la Mwana Kupona, mshairi wa Pate wa karne ya kumi na tisa. Mwanamvua, kwa hiyo, ni Bibi Mvua. Nalo ni jina zuri, na Wadigo wengi wanalo tangu vizazi. Kinachopingwa hapa si jina hilo, bali ni desturi ya kumvika mtu ambaye hakupewa.

Tuje sasa kwa Nyambura, ambako jambo hili huacha kuwa la sauti tupu. Wasomaji wa Ngũgĩ wa Thiong'o wanamjua Nyambura, binti wa mhubiri Joshua na dada yake Muthoni, katika riwaya ya The River Between iliyochapishwa mwaka 1965. Jina hilo ni maarufu kwa Wagikuyu, na hutajwa miongoni mwa mabinti wa Mumbi ambao koo zao zimetokana nao. Mvua kwa Kigikuyu ni mbura. Tukizipanga pamoja, mbura, mbua, mvula, mvua, twaona neno moja lililopita katika njia nne: kwa Mgikuyu b imebaki b na l imekuwa r, kwa Mkamba b imebaki na l imetoweka, kwa Mdigo b imekuwa v na l imebaki, kwa Mswahili b imekuwa v na l imetoweka. Ni nadra kupata mfano uliokamilika namna hii, na mwalimu wa isimu angefurahi kuuandika ubaoni.

Nao hauko ubaoni tu. Uko Kwale yenyewe. Shimba Hills waliletwa walowezi Wakamba katika mpango wa makazi, na miongoni mwao wamo akina Mumbua na Syombua, majina ya mvua vilevile. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, hadi kilipofungwa mwaka 1988, kiliwavuta wafanyakazi wa makabila mengi; hoteli za Diani zimewavuta wengi zaidi, na hao wamekuja na akina Nyambura wao. Akina Akoth wa Waluo nao wamo, waliopewa jina kwa sababu hiyo hiyo ya kuzaliwa mvua ikinyesha, ijapokuwa kwa mzizi wa lugha nyingine kabisa. Katika soko la Ukunda, basi, mtu aweza kuwaita wanawake watano kwa mvua moja, na kila mmoja asimjue mwenziwe kuwa ni somo yake.

Ladha ya undugu huu imewafanya wengine waseme: kama Nyamvula na Nyambura ni jina moja, kuna dhambi gani kumwita huyu kwa lile? Mwandishi wa makala haya aliwahi kuliona jibu la swali hilo katika darasa moja la pwani ya kusini. Mwalimu, mtu mpole na mchapa kazi, mzaliwa wa nyanda za juu, alikuwa akiita majina asubuhi. Alipofika kwa msichana huyu alisema, "Nyambura." Kimya. Akarudia. Kimya tena. Akainamisha kichwa aandike kwamba hayupo, ndipo watoto watatu wakapaza sauti pamoja, "Nyamvula!" Msichana akaitika. Mwalimu akasema, kwa mshangao usio na hila, "Ndiyo, nimesema Nyambura." Na kwa kweli, kwa sikio lake, ndivyo alivyosema. Kigikuyu hakina l, wala hakina v ya Kiswahili; aliyekulia humo hupokea mvula na kutoa mbura bila ya kujua kwamba amebadili kitu. Lugha yake ilimfanyia tafsiri kabla yeye hajaamua.

Mwalimu tumwondolee lawama. Hata hivyo msichana naye alikuwa na haki ya kunyamaza. Katika Kenya jina la pili au la tatu la mtu husomwa kama ramani: msikilizaji hulitumia kujua umetoka wapi, watu wako ni nani, na mara nyingine kama shamba ulilosimama juu yake ni lako. Kwale, ambako suala la nani mwenyeji na nani mgeni limeumiza watu zaidi ya mara moja, na likamwaga damu Likoni na sehemu za pwani ya kusini mwaka 1997, kumwita msichana wa Kiduruma kwa jina la Kigikuyu si kuteleza kwa ulimi tu machoni pa wazazi wake. Ni kumhamisha. Kanuni ya sauti yaweza kutuambia kwamba majina mawili yana mzizi mmoja. Haiwezi kutupa ruhusa ya kuyabadilishana. Petro, Peter na Pierre ni jina moja pia, na bado hakuna karani wa Paris anayemwandika raia wake Petro.

Aidha, jina hili mara nyingi halikutokana na mvua. Hapa wakusanyaji wa maana za majina wamezoea kwenda mbio: huuliza maana, huambiwa mvua, huandika kwamba mtoto alizaliwa wakati wa masika, basi. Lakini kwa Mijikenda mtoto hupewa kwa kawaida jina la mkubwa wa ukoo, bibi kwa mjukuu. Nyamvula wa kwanza huenda alizaliwa mvua ikipiga makuti. Wa leo aweza kuwa amezaliwa katikati ya kiangazi, visima vimekauka, na akaitwa hivyo kwa sababu bibi yake aliitwa hivyo. Jina lake halielezi hali ya hewa. Lamweleza mtu. Ndiyo sababu kulitafsiri kuwa Mwanamvua, ijapokuwa maana ya mvua yabaki, ni kulipoteza lile hasa lililorithishwa, yaani sauti ambayo bibi aliitikia.

Mambo yalizidi ugumu jina lilipoingia katika karatasi. Kipande cha kikoloni kilikuwa cha wanaume. Sheria ya usajili wa watu iliporekebishwa mwaka 1978, wanawake wa Kenya nao wakatakiwa kuchukua vitambulisho, na majina mengi ya kike yaliyokuwa yakiishi vinywani yakalazimika kupata tahajia. Ni tahajia ipi? Chidigo kilikuwa hakijapata kamusi ya kisasa. Mgombato, kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili, ilitoka mwaka 2004, na Agano Jipya la Chidigo likafuata mwaka 2007. Karani alikuwa na alfabeti ya Kiswahili Sanifu na sikio lake mwenyewe. Alichokisikia ndicho alichokiandika, na alichokiandika ndicho kilichogeuka kuwa sheria. Kwa Nyamvula alfabeti hiyo ilitosha, ila kwa ile m tuliyoieleza. Kwa majina yenye dz, kama Mbodze, haikutosha: wengine waliandika Mboze, wengine Mboje, na wasomaji walioikuta dz wakaitia irabu katikati ikawa Mbodize, mkazo ukahama kutoka bo kwenda di, na mwenyewe akawa hajitambui. Nyamvula alisalimika hapo. Ukisema Nyamvula, Nyamvua au Nyamuvula mkazo hubaki juu ya vu, na nadhani ndiyo sababu wasichana hawa huwavumilia wengi wanaowakosea: wakiitwa kwa mbali huisikia vu yao, wakageuka.

Nimeambiwa na wenye kujali dini kwamba Nyamvula ni jina la kaya, na kwamba Mwanamvua ndilo lipasalo kwa binti wa Kiislamu. Kaya ni mahali pa heshima kwa watu wa Kwale, na Kaya Kinondo ya Diani imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008. Lakini hata aliyejitenga na mila za kaya hana la kuogopa katika jina hili. Halimtaji mzimu wala pepo. Lataja mvua, na mvua haina dini inayoikataa. Mwenye hoja hiyo asingemlazimisha Mwanamvua ageuke Matar kwa sababu Kiarabu ndicho lugha ya Kurani.

Kwa upande mwingine, siwaungi mkono wenzetu wanaotaka jina liandikwe kwa alama za kifonetiki, nukta chini ya m na mshale juu ya irabu, ili mgeni asikosee. Mgeni atakosea tu, na mwenyewe atashindwa kuliandika jina lake. Chidigo kimekwisha kujiwekea tahajia inayosomeka, na katika tahajia hiyo Nyamvula huandikwa Nyamvula. Kinachohitajika ni kwamba wanaokusanya ngano, nyimbo na historia za pwani ya kusini waache tabia ya kuyasanifisha majina ya wasimulizi wao. Nimesoma miswada ya wanafunzi ambamo hadithi yote imeachwa katika Chidigo, kila sauti imehifadhiwa kwa uaminifu, na jina la bibi aliyeisimulia, juu kabisa ya ukurasa, limeandikwa kwa Kiswahili Sanifu. Mnyazi wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913 na 1914, anajulikana kwa wote kwa jina la mwanawe, Mekatilili, yaani mama wa Katilili. Na hilo nalo husikika likisemwa Mekatalili na Makatilili na watu ambao wanamsifu kwa moyo wote. Ikiwa shujaa mwenye sanamu hasalimiki, msimulizi wa ngano atasalimika vipi?

Yule msichana wa darasani nilimkuta tena baada ya miaka kadhaa, Msambweni, akingoja hati ya kiapo. Cheti chake cha shule kilisema Nyambura, kitambulisho kilisema Mwamvua, na kadi ya kliniki ya mama yake, iliyokuwa ya kwanza kuliko zote na iliyochanika pembeni, ilisema Nyamvula. Wakili aliyemwandikia kiapo alimwuliza aandike lipi liwe la juu. Alimpa ile kadi.